Nilivyomkagua Mama Mkwe kwa Ndala

Jamani, aibu niliyoipata siku ya kuchagua viongozi wa ushirika wetu wa pamba, hapa kijijini nje kidogo ya Bariadi, niliitafuta mwenyewe na sina wa kumlaumu. Kwenye mkutano uliotangulia nilisimama nikasema asipige kura mtu asiye na kitambulisho chenye picha (nilisema kwa sauti kubwa, na nilikuwa nimevaa koti). Bibi mmoja, mwanachama mwenzetu, akaniuliza, "Hapa tunajuana mpaka ng'ombe zetu, picha ya nini?" Nikamjibu kwamba kujuana siyo ushahidi. Hoja ikapita, mwenyekiti akasema mwenye hoja ndiye atakayesimama mlangoni kulinganisha picha na sura.

Sikukumbuka kwamba mama mkwe naye ni mwanachama.

Sasa kwetu Wasukuma mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, na mimi katika miaka kumi na miwili ya ndoa nimemheshimu mno, kiasi kwamba ninachokijua vizuri ni ndala zake. Basi foleni ikasogea, ikasogea, mara nikaziona zile ndala za bluu mbele yangu. Akaninyooshea kadi huku ametazama pembeni, nikaipokea kwa mikono miwili nimeinama, nikaifunika kwa kiganja (hata picha yake niliionea haya), nikamrudishia na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Pita."

Huko ndani karani akasoma jina kwa sauti, na jina lilikuwa la baba mkwe.

Mwenyekiti akatoka na ile kadi mkononi. Ilikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu.

"Ulilinganisha?"

"Nililinganisha."

"Na nini?"

"Na ndala."

Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru wangecheka. Mwenyekiti akamwita mama mkwe, akasema kanuni ni yangu na niitekeleze kama nilivyoiomba, kwa hiyo nikainua macho mbele ya foleni nzima nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana kidoti chini ya jicho la kushoto, palepale alipo nacho mke wangu. Nikasema, "Siye."

Kumbe kadi zote mbili hukaa kwenye sanduku moja, naye asubuhi alichukua ya mumewe kwa haraka. Ikabidi arudi nyumbani kwa miguu, na alipofika tena na kadi yake sanduku la kura lilikuwa limeshafungwa. Mama huyo amelima pamba ya ushirika tangu sijazaliwa, na siku hiyo hakupiga kura kwa sababu yangu.

Nilipeleka mbuzi kuomba radhi. Jibu akaja nalo mke wangu: "Mama anasema mbuzi amempokea. Anasema foleni nzima ilikuwa inamjua, aliyehitaji picha ni mkwe wake peke yake."

Kanuni itajadiliwa tena mkutano ujao. Nitaenda, nitakaa nyuma kabisa, na koti nitaliacha nyumbani.