Simu zilivyogoma kukutana siku ya send-off ya mdogo wangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Babati, siongezi chumvi.

Mdogo wangu Neema alikuwa anaolewa. Kwenye familia yetu binti hatoki kwenda kuagwa kabla bibi hajamwekea mkono kichwani na kumsemea maneno. Bibi yuko Nakwa, nyonga inamsumbua. Sisi tuko Bonga.

Ratiba ilibana, nikajitosa: bibi ataongea na Neema kwa video.

Sasa mimi ni fundi wa kujifunza mtandaoni, na kichwa kigumu ninacho. Video call za kawaida sikutaka kuzisikia. Nikatengeneza app yangu, simu mbili zinaongea zenyewe bila server, yaani kompyuta ya mtu mwingine, katikati. Nikaijaribu sebuleni, ikakamata chap. Nikampelekea bibi simu yenye app hiyo tu.

Siku yenyewe Neema kashavaa, gari liko nje. Napiga, "inaunganisha" inazunguka tu. Mama mdogo aliyekuwa na bibi anabonyeza kule, wapi.

Nikajaribu simu ya kawaida ya sauti, bibi masikio yamechoka, hasikii.

Kumbe sebuleni simu zote zilikuwa kwenye WiFi moja. Kwenye data, kampuni ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya address moja ya intaneti. Simu yako inaweza kutoka kutafuta watu, ila wa nje akianza kuitafuta, anazuiwa. Na zote mbili zikiwa hivyo, kila moja inabisha kwenye geti la mwenzake. Nilijisikia vibaya sana wakuu, mashangazi wote wananitazama.

Neema akasema kwa upole, "Kaka, mimi siondoki hivi." Akamwambia dereva tupitie Nakwa.

Wageni wakasubiri ukumbini. Neema akapiga magoti na gauni lake, bibi akamwekea mkono, akasema naye taratibu. Nililia, sifichi.

Nikamwomba bibi msamaha kwa app kugoma. Akanijibu, "Mimi nilikubali simu kwa sababu mlisema hamna nafasi ya kuja."



Nilichojifunza: ukitengeneza kitu cha simu, kijaribu kwenye data, laini mbili tofauti, na uwe na server ya katikati ya akiba. Na kabla ya hapo, angalia kama safari yenyewe inawezekana. Kutoka Bonga hadi kwa bibi ni karibu, hatukumaliza hata nyimbo chache za kwenye gari.

Mliowahi kuunganisha simu kwa simu kwenye data mkafanikiwa, mlifanyaje? Karibuni, hata wa kunicheka.