Nilinyamazisha Swichi, Dada Akavunjika Mguu

Kosa ni langu, tena sina wa kumsingizia! Si shetani, si bahati mbaya, si yale mawe ya Butiama. Ni mimi na plaizi yangu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kabasa, Bunda. Jina niachieni. Wateja wangu wanasoma haya, na wanangu wanakula kwa mikono hii hii iliyofanya upumbavu ninaotaka kuwasimulia.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa ameshaolewa Butiama, akanichukua, nikakulia kwake Mwitongo kwa mihogo na maziwa yake. Leo ni mjane. Goti lake moja ni bovu, hawezi kutembea mbali, na bodaboda anaiogopa kwa sababu ya ile njia ya mawe ya mlimani kwake. Akauza baadhi ya ng'ombe wake wa maziwa, akanunua kwa jamaa mmoja wa Kitaji, kule Musoma, pikipiki ya matairi manne, zile wanazopanda watalii. Mtumba, imechoka, lakini mlima inapanda.

Mngemwona! Mama mtu mzima, kanga kiunoni, madumu ya maziwa nyuma, anateremka nayo mpaka barabarani. Watu walikuwa wanaacha majembe kumtazama. Tangu shemeji afariki sikuwahi kumwona dada ana raha vile.

Halafu ikaanza kumzimia.

"Nikiwa nateremka, nikiachia mafuta tu, inazima," aliniambia kwenye simu. "Nikikaa kidogo inawaka vizuri. We mura, mdogo wangu, njoo uiangalie. Maziwa yananichachiaga njiani."

Mashine ya namna ile nilikuwa sijawahi kuifungua maishani. Ningesema hivyo, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi niseme sijui! Mimi ambaye Kabasa nzima wananiita daktari!

Nikaenda. Nikabadilisha plagi, ikazima. Nikasafisha kabureta, ikazima. Nikaweka koili nyingine, nikaipeleka mteremkoni, ikazima tena mbele ya majirani. Jasho lilinitoka, na si la jua. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yangu na kikombe cha uji.

"Mbona inazima nikiachia tu?" akauliza. "Nikiwa nabonyeza mafuta haizimagi."

"Dada, hii ni kazi ya mafundi," nikamjibu. Akacheka, akaniongezea uji.

Baadaye nikaona nyaya mbili za umeme zinazotoka kwenye kabureta kwenda kwenye swichi ndogo. Nikazikata, nikaziunga dairekti. Fundi yeyote wa mtaani anajua hiyo dawa: kitu kikisumbua, unakiruka. Mashine ikaacha kuzima pale pale! Dada akapiga vigelegele, akachinja jogoo, na mimi nikala paja nikijisifu.

Lakini niseme kweli yote, maana ndiyo iliyonileta hapa. Nilipoijaribu pale tambarare nilisikia kitu. Nikiachia mafuta, injini ilikuwa inachelewa kutulia. Nilisikia kwa masikio yangu! Nikajiambia itazoea.

Nilikuja kujua baadaye kwamba swichi ile kazi yake ni moja. Ukiachia mafuta, halafu waya wa mafuta ukakwama na kugoma kurudi, yenyewe inazima injini ili mashine isikukimbize. Kumbe haikuwa mbovu! Waya ndio uliokuwa na kutu, unakwama, na kila mara ile swichi ilikuwa inamwokoa dada yangu. Mimi nikaikata.

Wiki haikuisha. Dada alikuwa anateremka na maziwa, akaachia mafuta kwenye kona, mashine ikazidi kuvuma. Akashika breki, haikutosha. Kuna kitufe chekundu cha kuzimia, na mimi fundi sikuwahi kumwonyesha. Akagonga jiwe, mashine ikamlalia mguu.

Walimkimbiza hospitali Musoma. Na mimi nilikimbilia wapi? Mwitongo, kwenye mashine! Nikakuta waya umekwama vile vile, mafuta yamefunguka. Nikaweka waya mpya, nikairudisha swichi kama ilivyokuwa, nikafuta hata alama za vidole. Ndipo nikaenda kumwona mgonjwa. Mungu anisamehe.

Dada aliporudi nyumbani na plasta mguuni, mdogo wa marehemu mumewe aliipanda ile mashine. Akaizungusha mlimani, akarudi anatabasamu.

"Mbona mimi hainikimbizi?" akasema. "Shemeji ulipaniki tu. Mitambo na wanawake wapi na wapi."

Hainikimbizi! Ingemkimbiza vipi na mimi nimeshaitengeneza kwa siri? Dada akaangalia chini. "Inawezekana," akasema. "Nilidhani nimeachia. Labda nilikuwa bado nabonyeza."

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, tonge la ugali na sato mkononi. Nikalimeza na maneno yangu.

Basi mashine ikachukuliwa. Maziwa yakawa yanapelekwa na huyo shemeji, na dada akawa mtu wa kukaa mlangoni. Watoto wa jirani wakawa wanaigiza alivyoanguka. Niliona, nikarudi zangu Bunda kufungua nati za watu.

Kilichonivunja ni jiko. Nilimnunulia jiko la gesi, nikidhani nalipa deni la moyo wangu. Siku nimekwenda kumsalimia, nikamkuta ameinama kwenye kuni na ule mguu wake, machozi ya moshi yanamtoka. Jiko limefunikwa kitambaa.

"Dada, jiko limeharibika?"

"Hapana. Mikono yangu siiamini siku hizi," akasema. "Nitadhani nimezima, kumbe bado. Nisije nikaunguza nyumba."

Mwenzenu nilikaa chini kwenye vumbi.

"Dada, uliachia."

"Niliachia nini?"

"Mafuta. Siku ile uliachia. Waya ndio ulikwama, na mimi ndiye niliyekata kitu cha kukuokoa. Halafu nikaficha."

Hakunipiga. Alikitazama kidole gumba chake, kile cha kusukumia mafuta, kama vile amerudishiwa. "Kumbe niliachia," akasema, na hapo ndipo akalia. Tangu avunjike mguu sikuwa nimemwona analia.

Alipomaliza alinitazama. "Mguu ningekusamehe siku ile ile, mdogo wangu. Lakini umeniacha nijione mjinga, na ulikuwa unakuja hapa, unakulaga ugali wangu."

Akamwita yule shemeji, akaniamuru nirudie kila neno mbele yake. Nikarudia. Mashine ikarudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na dada anaiendesha, mguu wake ukiwa umepinda kidogo.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Kitu kikizima kila mara, usikasirike ukakiunga dairekti. Jiulize kwanza kinazimia nini. Na usipojua, sema sijui. Hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Ukikosea, kiri siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako akaamini ni lake!

Juzi nimesikia mashine ya dada imeanza kumisi, injini inakatakata. Nikaosha spana zangu, nikakaa na simu mkononi nikingoja aniite. Ameita fundi kutoka Musoma.