Chupa Tatu Dirishani

Mwezi wa sita mwaka huu, sisi walimu wa madarasa ya chini tuliitwa semina Mbinga mjini. Baridi ya asubuhi ilikuwa ile ile unayoijua kama umewahi kupita huko, ya kukufanya ushike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mwezeshaji, kijana mchangamfu ndani ya koti zito, alitugawia vitabu vya mtaala, akageukia ubao na kuandika: mtoto achunguze, aulize, ajaribu, kisha aeleze alichokiona kwa maneno yake mwenyewe.

"Walimu wangu," akasema, "sayansi kwa mtoto wa miaka sita si kukariri. Hili ni jambo jipya, najua litatusumbua kidogo."

Wenzangu wakanakili. Mimi kalamu ilinikatalia. Jambo hilo jipya nililiona likifanyika nikiwa na miaka saba. Najua pia jinsi lilivyokoma, maana mimi mwenyewe nilichangia kulikomesha. Nikae nikusimulie, rafiki yangu. Sijawahi kumsimulia mtu.

Kwetu ni huko juu, upande wa Litembo, kwenye milima ya kahawa na mashamba ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ambayo ukiyatazama kutoka ng'ambo utadhani mlima mzima umesukwa kama mkeka. Nililelewa na bibi, pamoja na mdogo wangu wa kike aliyekuwa hajaanza shule. Asubuhi kabla ya masomo nilishuka mtoni na ndoo ndogo, nyasi zenye umande zikinichapa miguuni. Nikirudi, bibi alikuwa ameshapasha kiporo cha maharage, na moshi umejaa jikoni hadi macho yanatoka machozi. Mdogo wangu alinisubiri mlangoni ili awe wa kwanza kunywa, akitumbukiza kikombe chake cha plastiki kwenye ndoo kabla sijaitua vizuri.

Msimu wa kahawa kijiji kizima kilinuka maganda. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, na aliiweka kando ya mto, juu kidogo ya pale tulipochotea. Kutwa nzima uliisikia ikikereza, kra, kra, kra, na maji machafu yakirudi mtoni. Alikuwa mzee wa kigango, kikanisa chetu cha pale kijijini, na mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mkarimu. Ukipita kwake hukosi ndizi ya kuchoma. Nakuambia hivyo usije ukamfikiria vibaya.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa dada kijana kutoka kwa Wanyasa, huko chini ziwani. Baridi yetu ilimtesa. Alivaa sweta mbili na kitenge juu yake, na tulicheka jinsi alivyopuliza vidole kabla ya kushika chaki. Darasa la jirani waliimba kutwa, "Mmea una mizizi! Mmea una shina!" Yeye alitutoa nje, akatuchuchumalisha mbele ya mche wa mharage, na kutuuliza tunaona nini. Ukimjibu kwa maneno ya kitabuni alitikisa kichwa.

"Usiniambie unachokijua," alisema. "Niambie unachokiona."

Siku moja alituongoza kwa mstari hadi chemchemi iliyo juu ya shule, tukajaza chupa ya kwanza. Tukashuka mtoni chini ya mashine, tukajaza ya pili. Ya tatu alijaza maji ya mvua kutoka pipa la kanisani. Akazipanga dirishani, zote chupa nyeupe zilizokuwa za mafuta ya kupikia, na kila asubuhi tulizichora. Kwanza tulikisia itakayobadilika. Mimi nilikisia ya mvua, nikakosea, na mwalimu alifurahi kana kwamba nimepata.

"Umekisia, umetazama, umejirekebisha. Basi, hiyo ndiyo sayansi."

Siku ya nne chupa ya mto ilikuwa na utando juu na matope meusi chini. Siku ya saba aliifungua, na darasa zima tukaziba pua. Hakutuambia maji hayo yana ugonjwa. Alituuliza tu sisi tungekunywa yapi. Tukajadiliana kwa Kiswahili, tukikwama tunaingiza Kimatengo, mpaka tukakubaliana: ya chemchemi, tena yachemshwe.

Niliporudi nyumbani nilimwambia bibi tuhamie chemchemini. Alicheka.

"Mto huu nimeunywa mimi, mama yako kaunywa. Nani kafa? Chemchemi iko mbali, mguu wangu huu huuoni?"

"Bibi, nimeona kwenye chupa."

"Chupa haijakulea."

Nyumba nyingine hazikucheka. Watoto walikataa maji mezani, wazazi wakataka kujua, na maneno yakamfikia jirani. Alikuja shuleni akiwa amevaa koti lake la kanisani, akasimama mlangoni mwa darasa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mzee," mwalimu aliitikia.

"Marahaba. Mwalimu, umeletwa hapa ufundishe kusoma, au utupimie maji?"

"Mzee, watoto wametazama tu. Karibu na wewe utazame."

Hakuingia. Wiki mbili baadaye alikuja mkaguzi, mmoja wa hawa ambao siku hizi wanaitwa wathibiti ubora. Alidai azimio la kazi na andalio la somo, zile karatasi za mpango wa kufundisha, akapekua madaftari yetu na kukuta michoro ya chupa, ukurasa baada ya ukurasa. "Mada hii iko wapi kwenye muhtasari wa masomo wa darasa la kwanza?" aliuliza. Mwalimu alijibu kwa upole kwamba muhtasari unasema mtoto ayajue mazingira yake. Mkaguzi akageukia darasa, akataka asimame mtoto anayeongoza.

Nilikuwa mimi.

Mwalimu mkuu alikuwepo. Jirani naye alikuwepo, ameketi kwenye kiti kando ya ubao, na alinitabasamia kama alivyonitabasamia siku zote.

"Haya, mwanangu," mkaguzi akasema. "Mwalimu amewaambia maji ya mtoni yana nini?"

Chupa zilikuwa pale pale dirishani. Ningeweza kunyoosha kidole tu. Lakini nilimtazama jirani, nikazikumbuka ndizi zake, nikakumbuka na bibi alivyonikanya nisiaibishe watu wazima.

"Amesema ni mabaya," nikajibu.

"Wewe mwenyewe umeona ubaya wake?"

"Hapana. Sijaona kitu."

Hakuna mtoto aliyenipinga. Mwalimu hakukunja uso. Alisema tu, "Haya, kaa, mwanangu." Jioni ile alizibeba chupa zote tatu na kwenda kuzimwaga nyuma ya choo. Kabla muhula haujaisha alipata uhamisho. Nilimwona akipanda pikipiki na begi lake mapajani, sweta zote mbili mwilini, na sikwenda kumuaga.

Mvua za kwanza ziliposhuka zilisomba takataka zote za msimu na kuziingiza mtoni. Wiki hiyo watoto kadhaa waliugua tumbo. Mdogo wangu alianza kuhara usiku wa Jumamosi. Jumapili asubuhi bibi alimbeba mgongoni, mimi nikafuata na kanga za kubadilisha, tukipanda na kushuka vilima kuelekea hospitali. Njiani aliomba maji. Mara ya pili aliomba kwa sauti ndogo sana. Tulipofika kwenye kona ya mwisho, pale unapoanza kuyaona mabati ya hospitali, bibi alisimama, akajipapasa mgongoni, akaketi chini kwenye majani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Jirani alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na alilia kuliko wote. Hakuna aliyepima maji, na mpaka leo siwezi kukuapia kwamba ni mto. Ila tangu siku hiyo bibi hakunituma tena pale. Alipanda chemchemini kila asubuhi na mguu wake mbovu, akirudi jua limeshakuwa kali, na hakusema kwa nini. Wala mimi sikumwambia nilichokisema mbele ya mkaguzi. Alikufa bila kujua.

Semina ilipokwisha sikurudi shuleni kwangu. Nilipanda basi la kuteremka ziwani, nikaulizia vijiji viwili vitatu karibu na Mbamba Bay, mpaka mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, akanionyesha nyumba. Mwalimu amestaafu. Amenenepa, nywele nyeupe, macho yamefifia kwa ukungu. Nilimwamkia shikamoo nikipiga goti, nikamtajia shule, nikamtajia chupa, nikaanza kumwomba radhi.

Aliniacha nimalize. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, sikukumbuki. Nimefundisha watoto wengi. Chupa nazikumbuka. Nilipoletwa huku nilisema sitaki tena matatizo. Nikawa naandika ubaoni, wananakili, wanaimba. Hakuna mkaguzi aliyenisumbua tena mpaka nimestaafu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekusimulia habari za mvua ya mwaka jana, akaniita ndani nile ugali.

Nimeshakirudia kijiji chetu mara kadhaa. Jirani hayupo, mashine imekuwa chuma chakavu, na mto wenyewe umebaki mfereji tu ambao mtoto anauruka. Darasa letu lilibomolewa, pamejengwa jipya lenye madirisha ya vioo. Kwa mdogo wangu naweka maua kila Novemba, mwezi wa marehemu. Bibi namsomeshea misa. Lakini kuna watoto wa ziwani, darasa baada ya darasa, walioketi mbele ya mwanamke yule kwa miaka yote hiyo wakiimba mmea una mizizi, wala hakuna aliyewahi kuwatoa nje wautazame. Sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Hao sijui niwaombe radhi wapi.