Siku Programu Yangu Ilipomkataa Mama

Jamani, nyie mnaoniuliza kwa nini siku hizi nikirudi Kawajense napitia njia ya nyuma, leo nasema, maana aibu ukikaa nayo peke yako inazidi kukua.

Mwaka wa tatu chuoni nilipata mafunzo kwa vitendo (fildi, kama tunavyoiita) kwenye kampuni ya mikopo ya Dar, ila ya kufanyia nyumbani, laptop na bando tu, basi nikarudi kwetu Kawajense, Mpanda, nikawa kutwa niko sebuleni naandika programu ya kupima waombaji mkopo. Sasa mama yangu ni mkulima, anatoka na jembe alfajiri, akirudi ananikuta kwenye kiti kilekile, na majirani wakaanza kumuuliza mtoto amefukuzwa chuo au anaumwa. Siku moja nikachoka, nikamwambia, "Mama, mimi ndiye ninayeamua nani apewe mkopo." Ningesema tu kwamba najifunza, leo nisingekuwa na mkasa.

Kumbe mama aliibeba ile kauli mpaka kwenye jumuiya yetu ya kusali. Jumamosi ikawa zamu ya nyumba yetu, na Jumamosi hiyohiyo madam Salma, msimamizi wangu wa Dar, alitaka nionyeshe programu mbele ya mabosi, na alama zangu zote zilitegemea hapo. Nilipanga nianze wakishaondoka. Sala ikaisha, hakuna aliyeondoka, wakavuta viti nyuma yangu (juu nimevaa shati na tai, chini bukta), wanataka kumwona mtoto wa Mama Elia akiamua.

Madam akawaona kwenye kamera, akafurahi kweli, akasema basi tujaribu na mtu halisi. Kwa kiherehere changu nikamkalisha mama. Programu ikauliza mshahara, hana. Ikauliza namba ya nyumba, mama akaeleza vizuri kwamba ukishuka kwenye bodaboda unaulizia kwa Mama Elia, hakuna asiyepajua, lakini maelezo ya namna hiyo sikuyawekea nafasi. Nikabonyeza. Kioo chote kikawa chekundu: MWOMBAJI HAAMINIKI. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe, na kwa kujiona fundi nilikuwa nimeyawekea na sauti, kwa hiyo laptop ikayasoma, mara mbili.

Mama yangu ndiye mweka hazina wa jumuiya, mwaka wa tisa sasa.

Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru sana wangecheka. Mama akafungua pindo la kitenge, akatoa ufunguo wa sanduku la jumuiya, akauweka mezani. Mzee Bukuru, mwenyekiti wetu, akaniuliza kwa upole, "Mwanetu, hiyo mashine imemjua mama yako lini?" Na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo mabosi nao wakawa wanasubiri jibu. Nikasimama niombe radhi, bukta nimeisahau.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Nimekosa mimi niliyeiandika."

Madam alinipa alama za kuponea tu, akaniamuru niandike upya. Mzee Bukuru aliuokota ule ufunguo akaurudisha kiganjani mwa mama bila hotuba. Mama akawamiminia wageni chai, na mimi akanimiminia, ila hakunitazama, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko alama.

Nikaapa kwamba siandiki tena swali la kumpima mtu kabla sijakaa naye nikamsikiliza. Wiki iliyofuata nilimfuata mama shambani nikamweleza hivyo. Akaegemea jembe lake, akasema, "Haya, niulize."

Miaka ishirini na mbili nimelelewa na yule mama, na sikujua pa kuanzia.