Nilimkataza mke wangu mjamzito sindano ya pepopunda, kisha nikaikimbilia mimi

Wakuu, salamu kutoka Buja, yaani Bujumbura, mtaa wa Gihosha. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sehemu za aibu nimeziacha zilivyo. Mnicheke taratibu.

Mimi nafuga kuku, na kuku wangu hawajawahi kukosa chanjo. Tarehe ikifika naamka mapema, namdondoshea kila mmoja tone la chanjo ya kideri jichoni, tena nawabembeleza.

Mwaka jana mke wangu, Hadija, akashika mimba yetu ya kwanza. Kliniki, kule Kamenge, akaambiwa achomwe sindano ya pepopunda, ile huku tunaiita tetanosi. Akasema aje kwanza aniulize mimi.

Aniulize mimi. Mtaalamu.

Utaalamu wangu ulitoka kwenye audio ya WhatsApp ya dakika nne. Mtu mwenye sauti nzito, asiyetaja jina, anaeleza kwamba sindano za wajawazito zinafunga kizazi polepole. Ushahidi wake: mbona wanaume hawaitwi? Nikaona huyu kasoma. Nikaisikiliza mara tatu, nikaiforward kwenye group la familia, nikamwambia Hadija asikubali kuguswa.

Yeye naye alikuwa na hofu, ila si yangu. Jirani yetu alichomwa akiwa na mimba, akashinda na homa, akadhani mtoto anaungua tumboni. Hadija aliogopa hilo tu. Mimi sikumuuliza. Alinyamaza, nikahesabu amekubali.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja asubuhi natengeneza banda, nikakanyaga msumari wenye kutu. Ulitoboa kandambili ukazama kwenye nyama.

Wakuu, nilikumbuka tetanosi kabla sijasikia maumivu.

Tukapanda teksi, mimi na Hadija, hadi kliniki ileile. Nesi akasafisha kidonda, akaleta sindano. Sikuuliza imetengenezwa wapi. Sikuuliza inafunga nini. Mkono wa shati nilishaukunja mwenyewe.

Alipomaliza akamtazama Hadija na lile tumbo, akamuuliza kama ameshapata zake. Nikadakia kwamba sisi tumeamua kungoja kwanza.

Nesi akaniuliza, kwa upole kabisa: "Na hii yako, papa, mbona haukungoja?"

Nikaangalia mguu wangu.

Hadija akafungua mkoba, akatoa kadi yake ya kliniki, akampa nesi, si mimi. "Mi nilishachomwa zote mbili," akasema. "Ni mama alinipeleka."

Mama ni mama yangu mzazi. Yumo kwenye group. Audio aliipata.

Mchana huohuo nikaenda kwake Mutanga Nord, nachechemea, na hasira zangu. Akaniacha niongee mpaka nikachoka. Kisha akasema: "Mbele yako kulikuwa mutoto mwingine."

Sikuwahi kujua. Alizaliwa nyumbani, mzima, ananyonya vizuri. Siku ya sita akaacha kunyonya. Mdomo haufunguki, mwili umekakamaa, akiguswa tu anashtuka. Watu wakasema karogwa. Siku ya nane akafariki. Baadaye, akiwa na mimba yangu, ndipo nesi mmoja alimweleza kwamba ile ilikuwa tetanosi, kitovu kilikatwa na wembe mchafu, na kwamba sindano anayochomwa mama humkinga mtoto pia.

Akachomwa. Nikazaliwa mimi, nikaishi, nikanunua simu.

Nikamuuliza mbona hakunijibu kwenye group.

"We ulikuwa unauliza?" akasema. "Ulikuwa unatuamrisha."

Kumbe walienda pamoja mara zote mbili, mimi nikijua wako sokoni. Hadija alipata homa kidogo ya siku moja. Mimi nikaambiwa ni uchovu, nikamletea juisi.

Binti yetu sasa ana miezi mitano, Alhamdulillah. Siku yake ya sita mama alikuja asubuhi, akakaa pembeni ya kitanda, akamtazama anavyonyonya. Hakuondoka hapo mpaka adhuhuri. Nilitoka nje, nikajifanya nina kazi.

Nilichojifunza: kuuliza si kosa. Hadija alikuwa na maswali, na nesi alimjibu kwa dakika chache tu: homa ni ya mama, inapita, mtoto haungui. Mimi swali langu nililipeleka kwa mtu asiye na jina. Sikulipeleka kwa nesi, wala kwa wanawake wawili walio karibu nami kuliko wote.

Nilijiona mlinzi wa familia. Kumbe familia ilikuwa inajilinda na mimi.

Wenye wake wajawazito, mmewahi kuwauliza wanaogopa nini, au mnawajulisha tu mlichoamua? Na dada zetu humu, nyie mlifanyaje? Semeni bila kunionea huruma.