Risasi kuingia si kufaa: Fundi Denzil na bastola ya ukoo wa Sizemore

Saa moja asubuhi ukungu ungali umelala juu ya kijito, na Denzil Caudill amekwisha kuwasha taa ya mezani ndani ya banda lake la kutengenezea bunduki. Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mkononi ana bastola kuukuu yenye mpini wa mti wa jozi. Ameielekeza kwenye gunia la mchanga, ameitoa silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi, na anachungulia tundu moja baada ya jingine. Kahawa yake imepoa.

"Wayland, Wayland," anasema hatimaye, kana kwamba mtu huyo amesimama mbele yake. "Umefanya nini hapa, ndugu yangu?"

Wayland Sizemore hawezi kujibu. Alizikwa Februari. Aliyesimama mlangoni ni binti yake, Oleta, mpishi wa shule ya bondeni, na bado amevaa aproni ya kazi. Bastola hiyo ilinunuliwa na babu wa baba yake, na Wayland alimwachia yeye, si kaka zake.

Kila Mei ukoo wa Sizemore hupanda kilima hadi makaburini wakibeba maua, kuku wa kukaanga, maharage na keki za tufaha. Mchungaji akishaomba, anayetunza bastola hufyatua risasi moja kwenye ukingo wa udongo ulio upande wa juu wa makaburi. Ndiyo salamu yao kwa waliolala. Siku yenyewe ni Jumapili hii, na kwa mara ya kwanza mwenye zamu ni mwanamke.

"Baba mdogo Ferrell kaninunulia boksi jipya," Oleta anasema. "Za babu ziliisha mwaka jana. Hizi zinaingia vizuri kabisa, kama mguu kwenye soksi."

"Kuingia si kufaa, dada. Hata mimi naingia kwenye koti langu la harusi. Ila nikipiga chafya, vifungo vyote vinaruka."

Oleta anacheka, lakini macho yake hayatoki kwenye silinda.

Denzil anamsogezea taa. Bastola hii ilitengenezwa wakati watu walikuwa bado wanatumia baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi na nguvu ya wastani. Chuma chake kilipikwa kihimili nguvu hiyo tu. Ndani ya kila tundu fundi wa kiwandani aliacha kijingazi, ukingo mwembamba wa chuma, ili risasi ndefu zaidi igome kuingia. Sasa kijingazi hakipo. Mahali pake pana mikwaruzo ya duara, mipya, inayong'aa.

"Baba yako aliona risasi za zamani zimekwisha. Akayapanua matundu kwa keekee ili za dukani, zilizo ndefu na zenye nguvu zaidi, ziingie. Mungu alimchukua kabla hajaijaribu. Ungeifyatua Jumapili, silinda ingepasuka mkononi mwako, na vipande vingeruka usoni."

Oleta anauficha mkono wake wa kulia mfukoni mwa aproni, polepole, kama mtu anayemficha mtoto.

Denzil, mwenye umri wa miaka 61, alichimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamgomea. Ufundi wa bunduki alifundishwa na mjomba wake, na leseni yake imetundikwa ukutani karibu na picha ya marehemu mama yake. Kukagua silaha ya urithi anatoza dola arobaini. Mwezi mzuri hupata kama dola elfu moja na mia tano; mwezi mbaya, anasema, hupata wageni.

Lakini kuna jambo moja analolisema akiwa amenyoosha mgongo. Tangu afungue banda hili, hakuna silaha aliyoipitisha yeye ikamdhuru mtu.

"Mchungaji anasema kiburi ni dhambi," anasema. "Namjibu, basi hii niandikie, maana naringa."

Ijumaa Ferrell anakuja mwenyewe, kofia kichwani, boksi lake jipya mkononi.

"Nasikia bastola ya ukoo umeigeuza mgonjwa," anaanza hata kabla ya salamu. "Denzil, umezeeka ukawa mwoga kama kuku aliyenyeshewa."

"Karibu, Ferrell. Kuku aliyenyeshewa bado ana mabawa mawili."

"Kaka yangu hakuwa mjinga."

"Hakuwa. Alikuwa na haraka."

Ferrell anamgeukia Oleta, aliyetangulia kufika bandani. "Kama unaogopa, nipe mimi niifyatue. Watu wamezoea kuisikia, wasije wakasema imekufa mikononi mwa mwanamke."

Oleta anafuta mikono kwenye aproni ingawa ni mikavu.

"Baba mdogo, baba alikuwa baba, na nilimpenda. Lakini sitaki kumzika mara ya pili kwa kosa lake. Na usiifyatue wewe pia. Nani atanikatia kuni?"

Hapo Denzil anavuta droo ya chini, anamohifadhi viungo vya bastola zilizokufa. Tangu jana amekuwa akipekua. Ametoa humo silinda ya bastola ya aina ileile, yenye vijingazi vyake vyote. Ameipima, ameisugua, akaipachika kwenye bastola ya Oleta, akahakikisha kila tundu linatazamana sawasawa na mtutu nyundo ya kufyatulia inapovutwa.

Wanatoka nje, nyuma ya banda. Denzil anaifunga bastola kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma, mtutu ukielekea kilimani, anaweka risasi fupi ya baruti nyeusi aliyoijaza mwenyewe, yenye kichwa cha madini laini ya risasi, kisha wote watatu wanajibanza nyuma ya rundo la magogo. Anavuta kamba.

Mlio ni mzito, kama mlango wa kanisa unaofungwa. Anarudia kwa kila tundu, na kila mara huenda kulikagua ganda la risasi na silinda kabla ya kuendelea. Ganda halikuvimba. Chuma hakikupata ufa.

"Hizi tu," anamwambia Oleta, akimkabidhi risasi chache ndani ya kopo. "Si zinazofanana nazo. Hizi."

Imebaki silinda iliyopanuliwa. Denzil anampa Oleta, kwani si yake yeye. Oleta anamrudishia.

"Ikate," anasema. "Nikifa, asije mtu akairudisha."

Msumeno unapoanza kulia, Ferrell anavua kofia. Kisha analirudisha boksi lake mfukoni mwa koti.

Jumapili, baada ya wimbo wa mwisho, Oleta anasimama mbele ya ukingo wa udongo. Watoto wamerudishwa nyuma. Anafyatua mara moja. Moshi mweupe unamfunika mpaka kiunoni, shangazi wanakohoa na kucheka, na kwa mbali milima inajibu.

"Mmesikia?" Ferrell anapaza sauti kuliko wote. "Hiyo ni sauti ya babu yangu! Hizi za dukani zingelia kama kijibwa."

Denzil anakula keki, akihesabika kama mwanaukoo.

Sasa ana mpango. Amemwomba mchungaji ampe ukumbi wa kanisa kila Aprili, kabla ya msimu wa makaburi, ili kila mwenye silaha ya urithi ailete ikaguliwe bure. Oleta ameahidi kupika maharage na mkate wa mahindi. Isiyofaa kufyatuliwa itatundikwa ukutani kwa heshima. Inayofaa itaondoka na risasi zake halali.

"Siku ya ufufuo," anasema Denzil, akifungua dirisha la banda, "nataka watu wa bonde hili wainuke na vidole vyao vyote. Bwana akiuliza ni nani aliyewatunza hivi, nitanyoosha mkono."