Vyumba vya Ndani ya Ruta

Mtaani walimwita Bi Mapokezi, kwa kuwa ujana wake wote ulipita nyuma ya meza ya hoteli, akigawa funguo. Hata baada ya kustaafu, usingizini aliendelea kutembea katika vishoroba vile vya zulia, akisoma namba za milango.

Mchana huo dada yake alikuwa hospitali, mji wa mbali, akisubiri kupasuliwa macho. Daktari hakuahidi kitu.

"Nataka nikuone kwanza, mdogo wangu," alisema kwa simu.

Laini ya simu ilibeba sauti tu, picha haikupita. Na waifai ya nyumbani ilishika, ikakatika, ikashika tena.

"Kompyuta yangu haina neno," mumewe alijigamba.

"Haina hata kamera, baba watoto! Nipishe."

Akaketi mbele ya kompyuta, akaandika tarakimu zilizobandikwa chini ya ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti kilichokaa juu ya kabati. Anwani ile haikwenda popote duniani. Iliishia pale pale juu ya kabati. Ukurasa ukafunguka kimyakimya, na Bi Mapokezi akajiona amesimama tena kwenye kishoroba. Kila kifaa cha nyumba kilikuwa na namba yake: kompyuta, runinga, simu yake. Mbele ya namba ya simu akasita.

"Printa yako uliipa namba gani?"

"Inaishia ishirini. Niliipigilia mwenyewe, isije ikahamahama."

"Na ruta imeipa simu yangu hiyo hiyo ishirini."

"Lo! Mafahali wawili zizi moja!"

"Mpangaji wa kudumu chumba chake hakigawiwi, mume wangu. Ungeiambia ruta."

Akatafuta mahali ruta inapopangiwa namba za kugawa, akaiamuru ianzie hamsini, akahifadhi. Taa za ruta zikazimika. Kisha zikarudi mojamoja, kama madirisha ya wageni wanaoamka. Simu ikapokea namba mpya, ikatulia.

Uso wa dada ukajaa kiooni.

"Mbona umekuwa mama yetu kabisa!"

"Na wewe je, na hilo gauni la hospitali?"

"Usinichekeshe. Sogea dirishani. Hapo hapo."

Dada akamtazama taratibu, paji la uso, mashavu, kidevu, kama anayepapasa kitambaa. Nyuma yake magurudumu ya kitanda yalilia. Bi Mapokezi hakupepesa macho, ingawa machozi yalimtekenya.

"Basi," dada akasema mwishowe. "Nimeshakubeba machoni. Naingia na wewe."